Kutafuta Chanzo cha Kuaminika: Utafiti wa TEHAMA kwa Njia ya Mtandao

Mwalimu wa shule ya msingi, apende asipende, ni chanzo cha habari. Mtoto akirudi nyumbani, na mjomba wake akamwambia kwamba alichojifunza si kweli, mtoto huyo hujibu kwa maneno mawili tu: "Mwalimu amesema." Maneno hayo ni heshima kubwa kwetu, na tena ni mzigo mzito. Maana yafaa tujiulize: mwalimu naye ameambiwa na nani? Zamani jibu lilikuwa fupi, yaani kitabu cha kiada na kiongozi cha mwalimu. Siku hizi jibu mara nyingi ni "nimeona mtandaoni", na hapo ndipo kazi yetu inapoanzia.

Katika makala hii nakusudia kueleza namna ninavyojaribu kuwaongoza wanachuo wetu hapa Nachingwea kutafuta na kupima habari za mtandaoni, hasa zile zihusuzo Teknolojia ya Habari na Mawasiliano, ambayo wote tumezoea kuiita TEHAMA. Sitazungumza juu ya mitambo, wala sitafundisha namna ya kubonyeza vitufe, kwani mambo hayo wanachuo wengi huyajua kabla ya kufika chuoni. Nitazungumza juu ya kupima.

Shida imebadilika sura

Waya wa mawasiliano wa SEACOM, uliopita chini ya bahari, ulifika Dar es Salaam mwaka 2009. Nilipoanza mafunzo ya ualimu miaka michache baadaye, faida yake ilikuwa bado haijatufikia sisi wanachuo. Tuligawana kitabu kimoja watu sita au saba, na aliyetaka kuandika insha juu ya kompyuta alisubiri zamu yake ya maktaba kama mtu asubiriye maji kisimani. Leo mwanachuo aliyeketi chini ya mkorosho aweza kufungua kurasa nyingi kabla chai yake haijapoa. Uhaba wa habari umepungua, umekuja wingi wake, na wingi nao una taabu zake. Asiyekuwa na kitabu alijua kwamba hajui. Mwenye kurasa nyingi ni rahisi kudhani kwamba amekwisha kujua.

Somo la TEHAMA lina taabu tatu za ziada. Kwanza, mambo yake hubadilika upesi, hata ukurasa ulioandikwa miaka kumi iliyopita kwa uaminifu kabisa waweza kumpotosha msomaji wa leo. Pili, wengi waandikao juu ya kompyuta na simu ni watu wenye kitu cha kuuza, nao huchanganya maelezo na matangazo. Tatu, sehemu kubwa ya maandishi hayo ni ya Kiingereza, na mwanachuo asiyeielewa sentensi vizuri huinakili kama ilivyo, akiogopa kuiharibu.

Swali huja kabla ya jibu

Kila mwaka huwapa wanachuo swali moja la kutafuta mtandaoni: Intaneti ilianza lini, na nani aliyeianzisha? Swali hilo laonekana jepesi. Siku ya pili huwaita wanachuo mmoja mmoja waandike majibu yao ubaoni, na kwa kawaida hupatikana miaka minne: 1969, 1983, 1989 na 1991. Hapo darasa hugawanyika, kila mmoja akitetea simu yake.

Nikisha waacha wabishane kidogo, huwataka tuangalie kila mwaka ni wa jambo gani. Tarehe 29 Oktoba 1969 ujumbe wa kwanza ulipita kati ya kompyuta mbili za mtandao wa ARPANET huko California, Marekani. Tarehe 1 Januari 1983 mtandao huo ulianza kutumia kanuni za mawasiliano ziitwazo TCP/IP, zilizotokana na kazi ya Vint Cerf na Robert Kahn, na kanuni hizo ndizo zilizowezesha mitandao mbalimbali kuungana. Mwaka 1989 Tim Berners-Lee, akiwa katika kituo cha utafiti cha CERN karibu na Geneva, aliandika pendekezo la Wavuti, yaani kurasa zinazounganishwa kwa viungo. Mwaka 1991 Wavuti hiyo ilifunguliwa kwa watu wa nje ya kituo.

Basi miaka yote minne ni ya kweli, lakini si majibu ya swali moja. Intaneti ni njia. Wavuti ni gari mojawapo lipitalo katika njia hiyo. Anayechanganya mambo haya mawili ataona kurasa zinapingana, na atachagua ile iliyopambwa vizuri zaidi. Ndiyo maana nasisitiza kwamba hatua ya kwanza ya utafiti ni kulisafisha swali. Andika katika daftari lako, kwa Kiswahili chako mwenyewe, ni jambo gani hasa unalolitafuta, ndipo ushike simu.

Maneno ya kutafutia nayo yahitaji uangalifu. Kiswahili kina zaidi ya neno moja kwa mambo haya. Mmoja huandika kompyuta, mwingine tarakilishi, mwingine ngamizi. Mmoja huandika intaneti, mwingine mtandao, na neno mtandao lina maana nyingine nyingi. Mwanachuo atafutaye kwa neno moja tu huona sehemu ndogo ya yaliyoandikwa. Mfano mzuri ni mradi wa Kilinux, ambao wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walishirikiana kuutekeleza, na ambao mwaka 2004 ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Atafutaye "kompyuta kwa Kiswahili" aweza kuukosa kabisa. Ajuaye jina la mradi huupata mara moja. Kwa hiyo kila upatapo jina, mwaka au neno la kitaalamu, liandike pembeni, kwani ndilo ufunguo wa mlango unaofuata.

Kuirudia hati yenyewe

Wanachuo wengi huamini kwamba habari ikionekana katika kurasa nyingi, imekwisha kuthibitika. Penye wengi hapaharibiki neno, husema wahenga, lakini wengi hao wakiwa wamenakili kwa mmoja, bado ni mmoja.

Huwaeleza kisa kimoja maarufu. Kurasa nyingi hudai kwamba hitilafu ya kompyuta ilianza kuitwa kwa neno la Kiingereza lenye maana ya "mdudu" baada ya nondo, yule mdudu arukaye kwenye taa, kukutwa ndani ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Harvard. Baadhi ya kurasa husema mwaka 1945, nyingine 1947. Habari hiyo ilienezwa sana na Grace Hopper, mtaalamu wa kompyuta aliyefanya kazi huko na aliyependa kuisimulia. Kwa bahati njema daftari la kazi la siku hiyo limehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian ya historia ya Marekani, na picha yake yaweza kuonekana mtandaoni. Makumbusho hayo yanalitaja kuwa la mwaka 1947. Nondo mwenyewe amebandikwa pale kwa utepe, na pembeni imeandikwa kwamba ni mara ya kwanza kwa mdudu halisi kupatikana.

Mwanachuo akilisoma neno "halisi" kwa makini, kisa kizima hugeuka. Waliobandika nondo walikuwa wakifanya mzaha, na mzaha huo haungekuwa na maana kama neno lenyewe lisingekuwa likitumika tayari. Naam, Thomas Edison alilitumia kwa maana ya hitilafu katika barua ya mwaka 1878. Ukurasa mmoja wa daftari umeshinda kurasa nyingi za wasimulizi.

Hati kama hizo ni nyingi kuliko tudhanivyo. Waliounda intaneti waliandika makubaliano yao katika mfululizo wa hati ziitwazo RFC, ambazo ya kwanza ni ya Aprili 1969, na zote husomwa bila malipo. CERN imehifadhi maelezo ya mwanzo wa Wavuti. Hapa kwetu Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba yake mtandaoni yenye vitabu vya kiada, na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania hutoa takwimu za watumiaji wa simu na intaneti kila baada ya miezi mitatu. Anayetaka makala za wataalamu wa Afrika aanze na mkusanyo wa majarida uitwao African Journals Online. Wikipedia nayo si ya kutupwa. Huwaambia wanachuo waitumie kama mpita njia anayekuelekeza nyumba: msikilize, kisha nenda ukabishe hodi mwenyewe kwa kufuata marejeo yaliyo chini ya ukurasa.

Maswali manne ya mkulima wa korosho

Kanuni ya zamani ya ualimu yatuagiza kutoka katika kinachojulikana kwenda katika kisichojulikana. Kinachojulikana hapa kwetu ni korosho. Wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale huuza korosho zao kwa mnada kupitia chama chao kikuu cha ushirika, RUNALI. Msimu ukifika, bei huvuma kijijini na katika simu. Mkulima mzoefu hasikii bei akakimbilia kukopa. Huuliza: nani kasema? Ni mnada wa lini, na korosho za daraja gani? Umeiona karatasi ya bei, au umesimuliwa? Je, na wa chama cha jirani wanasema hivyo hivyo?

Watoto wetu wameyasikia maswali hayo barazani tangu wakiwa wadogo. Kazi ya mwalimu ni kuyahamishia ubaoni:

1. Nani asemaye?
2. Alisema lini?
3. Amejuaje?
4. Nani mwingine asemaye hivyo bila kumtegemea huyu?

Kwa swali la kwanza, anwani husaidia kidogo. Tovuti iishiayo kwa go.tz ni ya Serikali, na iishiayo kwa ac.tz ni ya chuo. Lakini sura ya ukurasa isikudanganye. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Sam Wineburg na Sarah McGrew, walieleza namna watu 45 walivyopima tovuti: wanahistoria 10, wahakiki wa habari 10 na wanafunzi 25 wa chuo hicho. Wanahistoria na wanafunzi mara nyingi walibaki ndani ya tovuti, wakivutwa na jina zuri na nembo ya heshima. Wahakiki walitoka upesi, wakatafuta kwingineko watu wengine wanasema nini juu ya mwenye tovuti hiyo, nao walifika kwenye ukweli kwa haraka zaidi. Nasi ndivyo tufanyavyo kijijini: ukitaka kumjua mtu, humwulizi yeye peke yake, huwauliza na majirani zake.

Muhuri peke yake hautoshi

Swali la tatu, "amejuaje?", ndilo wanachuo hulisahau zaidi, na hapa Nachingwea hatuna udhuru wa kulisahau. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza ilituma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield kuchunguza uwezekano wa kulima karanga Afrika Mashariki. Ujumbe huo ulitumia wiki tisa, na sehemu kubwa ya ardhi iliangaliwa kutoka angani. Taarifa yake ilikuwa na muhuri wote uliotakiwa, na London iliiamini. Ukapangwa ufyekaji wa ekari zaidi ya milioni 3, zikiwamo za Kongwa, Urambo na hapa kwetu Nachingwea. Mvua haikunyesha kama ilivyokadiriwa, na udongo wa Kongwa ulipokauka ulikuwa mgumu kiasi cha kuharibu mashine. Mwaka 1951 mpango uliachwa, baada ya kupoteza pauni zipatazo milioni 36. Reli iliyojengwa kutoka Mtwara hadi Nachingwea kwa ajili ya karanga hizo nayo haikudumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilifungwa.

Sikitaji kisa hiki ili wanachuo wadharau taarifa za Serikali au za wataalamu. Hizo ndizo nguzo za utafiti wetu. Nakitaja ili wajue kwamba hata taarifa kubwa yafaa iulizwe imepatikanaje: kwa kupima ardhini, au kwa kuangalia kutoka angani.

Swali hilo hilo ndilo dawa ya programu za akili unde, ambazo zimeenea sana tangu ChatGPT ilipotolewa mwishoni mwa mwaka 2022. Programu hizo hujibu kwa ufasaha na bila kusita, na mara nyingine husema kweli. Lakini huweza pia kutaja kitabu ambacho hakijapata kuandikwa na mwandishi ambaye hajapata kuzaliwa, kwa ufasaha ule ule. Sijawakataza wanachuo kuzitumia. Nimewawekea sharti moja: jibu la programu ni uvumi mpaka hati yenyewe iwe mbele ya macho yako.

Darasa lenye simu moja

Mwanachuo ataniuliza: nitafanyaje mambo haya katika shule yenye watoto 90 darasani, simu moja ya mwalimu, na mtandao unaopatikana juu ya kichuguu tu? Jibu tunalo katika historia yetu wenyewe. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 nchini walijifunza kwa wiki 12 katika vikundi, wakisikiliza redio pamoja, wakajadili chini ya kiongozi wao, kisha wakatenda. Chombo kilikuwa kimoja, vichwa vilikuwa vingi. Na simu moja yaweza kutumika hivyo hivyo.

Mwalimu atafute habari jioni, ainakili katika karatasi kubwa pamoja na jina la mwandishi, tarehe na anwani. Asubuhi aibandike ukutani, agawe darasa katika vikundi vinne, kila kikundi kikijibu swali moja kati ya yale manne. Kisha vikundi vitoe taarifa, na darasa liamue: tuiamini, tuikatae, au tuiweke kiporo hadi tupate zaidi. Zana zinazohitajika ni chaki na karatasi.

Katika mazoezi ya kufundisha nilimkagua mwanachuo mmoja katika darasa la sita. Aliandika ubaoni kwamba intaneti ilianzishwa mwaka 1989. Binti mmoja akanyoosha mkono, akasema kaka yake aliye sekondari alimwambia ni 1969. Kisha akauliza kwa adabu: "Shikamoo mwalimu, sisi tutajuaje?" Darasa likanyamaza. Mwanachuo yule angeweza kumkalisha kwa ukali, na wengi wetu tumekalishwa hivyo. Yeye aliandika miaka yote miwili ubaoni, akasema, "Kesho nitawaletea nilichokipata na mahali nilipokipata." Jioni tukaenda pamoja mahali penye mtandao, tukasoma maelezo ya CERN. Kesho yake akaeleza tofauti ya njia na gari, na kila mtoto akaiandika.

Je, heshima ya mwalimu itapungua?

Katika ofisi ya walimu mwalimu mmoja mzee, mwenye miaka mingi kazini, hakufurahi. Alisema tunawafundisha watoto ubishi. Kwamba muda ni mfupi, na mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hutaka jibu moja. Sikuyapuuza maneno yake, maana amefundisha vizazi. Muda kweli ni mfupi, na darasa ambalo kila sentensi ya mwalimu huhojiwa haliwezi kumaliza muhtasari. Kwa sababu hiyo nawashauri wanachuo wachague jambo moja tu kwa juma, walipitishe katika maswali manne, na mengine wayafundishe kama kawaida.

Lakini juu ya heshima, nilimjibu kwa unyenyekevu kwamba mambo yamebadilika. Mtoto atakayekuwa na simu yake baada ya miaka michache atakutana na uvumi wa dawa, wa mikopo na wa siasa, na mwalimu hatakuwapo kumwambia lipi ni kweli. Tukimpa majibu peke yake, majibu hayo yatazeeka, hasa katika TEHAMA. Tukimpa namna ya kupima, atatembea nayo. Mzee wangu alitikisa kichwa, akasema tutaona. Nami naona hilo ni jibu la haki: ataka kuona kwa macho yake kabla ya kuamini.

Ndugu mwanachuo, nakuachia agizo dogo. Nunua daftari moja na uliite daftari la vyanzo. Kila jambo la TEHAMA utakalolifundisha, andika umelipata wapi, limeandikwa na nani, lini, na wewe ulilisoma tarehe gani. Usipojua mojawapo ya hayo, acha nafasi wazi, na siku ya kufundisha liambie darasa kwamba nafasi hiyo bado i wazi. Siku mtoto atakapokuuliza "Tutajuaje?", utakuwa na cha kumwonyesha.